Kibali cha Kazi Baada ya Chuo: Kanada Imekaza

Mwanafunzi wa Kongo, leo tunazungumzia kibali cha kazi ambacho Kanada humpa mgeni aliyehitimu huko.

Gharama zinaanza kubana mapema, hata kabla ya masomo. Hadi mwisho wa 2023, mwombaji wa kibali cha masomo asiyeandamana na familia, anayekwenda nje ya jimbo la Québec, alionyesha dola 10,000 za Kanada za kujikimu, mbali na karo. Tarehe 1 Januari 2024 zikawa 20,635.

Tangu 1 Novemba 2024, kibali chenyewe cha kazi kinadai pia mtihani wa lugha. Mwenye digrii afikie ngazi ya 7 ya kipimo cha lugha cha Kanada katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kusema. Usijibu kwamba Kifaransa umekisoma tangu shule ya msingi. Kinachotazamwa ni karatasi ya matokeo ya mtihani wa Kifaransa wa TCF Canada au TEF Canada, yenye umri usiozidi miaka 2.

Sasa pasipoti, nayo husahaulika kweli. Kibali cha kazi hakivuki tarehe ya mwisho ya pasipoti. Unastahili miaka 3, lakini pasipoti yako ya Kongo imebakiza miezi 14? Utapewa miezi 14. Ifanye upya mapema, maana una siku 180 tu za kuomba tangu chuo kithibitishe kwa maandishi kwamba umemaliza.