Mtoto wa Kisimani: Watazamaji wa Filamu ya Ringu na Hukumu Yao



Mhadhara huu unahusu filamu ya Kijapani iitwayo Ringu, iliyoongozwa na Hideo Nakata na kuanza kuonyeshwa Japani tarehe 31 Januari 1998. Ni filamu ya mzimu. Nimeichagua kwa sababu ya maneno ambayo watu huyasema baada ya kuitazama. Ukiyasikiliza kwa makini utagundua kwamba wanaoanza kwa kuihukumu filamu huishia kumhukumu mtoto. Na hapa Lubumbashi, mtoto akishadhaniwa kuwa na nguvu za giza, hukumu ya watu wazima ndiyo inayoamua atalala wapi usiku huo.

Niseme kwanza kwa nini maneno ya watazamaji yanastahili mhadhara wa chuo kikuu. Wabelgiji walipoleta sinema katika nchi hii ya Kongo, hawakujali mtazamaji Mwafrika anawaza nini. Filamu za kuonyeshwa Waafrika zilichujwa kivyake. Katika kambi za wafanyakazi na kwenye misheni zilionyeshwa zile zilizodhaniwa kuwa za manufaa, na mara nyingi alikuwapo mtu wa kuwaeleza watazamaji maana ya walichokiona. Wakubwa wa wakati ule walidai kwamba Mwafrika hawezi kutenganisha picha na ukweli. Kumbe Waafrika hao hao walikuwa wakisimuliana hadithi zenye akili nyingi kuhusu mutumbula, yule aliyeitwa pia simba Bulaya, aliyesemekana kuwakamata watu usiku kwa ajili ya Wazungu. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 2000, alizichukua hadithi hizo kama ushahidi wa namna watu walivyoielewa kazi na utawala wa kikoloni. Hakuuliza kama mutumbula alikuwapo. Aliuliza watu walikuwa wakisema nini walipomtaja. Nami nafuata njia hiyo hiyo kwa mzimu wa Kijapani.

Kisa chenyewe nitakieleza kwa ufupi. Kuna kaseti ya video. Anayeitazama hupigiwa simu, na baada ya siku 7 hufa. Mwandishi wa habari wa televisheni, Reiko Asakawa, anafiwa na mtoto wa ndugu yake kwa njia hiyo, anaitafuta kaseti, anaitazama. Anamwita Ryuji, mume waliyeachana. Kisha mtoto wao mdogo, Yoichi, naye anaitazama. Uchunguzi wao unawafikisha kisiwa cha Oshima, kwa marehemu Shizuko Yamamura, mwanamke aliyeona yaliyofichika, na kwa binti yake Sadako, aliyetupwa akiwa hai ndani ya kisima. Wanayateka maji ya kisima, wanaipata mifupa, Reiko anaikumbatia. Muda wake wa kufa unapita, naye yu hai. Kesho yake Sadako anatoka kisimani ndani ya televisheni ya Ryuji, anatambaa hadi sebuleni, na Ryuji anakufa.

Watazamaji wanagawanyika tangu hapa. Wapo wasioogopa kabisa. Wanasema filamu inakwenda polepole, damu hakuna, na mzimu anaonekana dakika za mwisho tu. Malalamiko hayo yanasikika dunia nzima, hasa kwa waliotangulia kuona toleo la Marekani la mwaka 2002, The Ring, lililoongozwa na Gore Verbinski, ambalo lina haraka zaidi na maelezo mengi zaidi. Sikubaliani nao. Nakata anajua kwamba hofu inakua pale mtu anapongoja. Hata ule mwendo wa Sadako unaomsumbua mtazamaji bila yeye kujua sababu ulipatikana kwa njia rahisi: mwigizaji Rie Ino'o alitembea kinyumenyume, kisha picha ikageuzwa ili aonekane anakuja mbele. Mwili unatembea, lakini viungo havifuati utaratibu wa mwili. Nguo yake nyeupe na nywele ndefu zinazofunika uso zinatoka mbali, katika mizimu ya wanawake waliodhulumiwa ambayo Wajapani waliiona jukwaani karne nyingi. Oiwa, aliyetiwa sumu ili mumewe aoe mwingine, alipandishwa jukwaani na Tsuruya Nanboku mwaka 1825.

Wapo pia wanaoogopa kisima kuliko televisheni, na hao nadhani ni wengi katika mitaa yetu. Wanaoishi Naviundu, mtaa wa mji huu, hawahitaji maelezo. Mahali ambapo bomba halifiki au halitoi maji, kisima kiko uani, watoto wanacheza karibu nacho, na kila mama anajua kukifunika kabla giza halijaingia. Mtazamaji wa Tokyo anakiona kisima kama kitu cha zamani. Kwetu sisi ni cha leo asubuhi.

Lakini mgawanyiko mkubwa uko kwingine. Uliza watu: Sadako ni nani? Wa kwanza atajibu bila kusita, “Ule mutoto ni mulozi,” yaani mchawi. Wa pili atauliza, “Balimutupa mu kisima juu ya nini?” Kati ya majibu haya mawili ndiko filamu nzima iliko.

Tukumbuke onyesho moja, ambalo kwangu ndilo moyo wa filamu. Shizuko anapimwa hadharani. Dokta Ikuma, msomi aliyetaka kuuthibitisha uwezo wake, amewakusanya waandishi wa habari. Shizuko anajibu, na anajibu sawasawa. Ndipo mwandishi mmoja anasimama na kupiga kelele kwamba ni ulaghai, wengine wanamfuata, ukumbi mzima unamshambulia mwanamke mmoja. Yule aliyeanza anaanguka na kufa. Mama anageuka na kumwuliza binti yake kama ni yeye aliyefanya hivyo. Baadaye Shizuko anajitupa ndani ya volkano ya Mihara. Na nani anamtupa mtoto kisimani? Dokta Ikuma mwenyewe, yule msomi.

Jambo hili lina mzizi katika historia. Mwaka 1910 Tomokichi Fukurai, mwalimu wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Kifalme cha Tokyo, alimpima mwanamke kijana aliyeitwa Chizuko Mifune, aliyesifika kwa kuona maandishi yaliyofungiwa. Septemba mwaka huo alipimwa mbele ya wasomi wakubwa na waandishi wa habari; matokeo yakatiliwa shaka, magazeti yakamshukia. Januari 1911 alikunywa sumu akafa, akiwa na umri wa miaka 24. Koji Suzuki, aliyeandika riwaya ya Ringu mwaka 1991, alijenga juu ya kumbukumbu ya majaribio hayo. Nasema haya nikiwa mtu wa chuo kikuu, na ninayasema kwa uchungu: katika kisa hiki, cha kubuni na cha kweli, taaluma ilimsimamisha mtu dhaifu mbele ya umati kisha ikashindwa kumlinda.

Sasa turudi nyumbani. Katika nchi hii maelfu ya watoto wamefukuzwa majumbani kwa kushutumiwa uchawi. Baba amepoteza kazi, mama amekufa, mtoto anakojoa kitandani au anaongea usiku, basi kosa limepata mwenyewe. Makanisa mengine ya maombi yanathibitisha shutuma hiyo na kutoza fedha za kumfungua mtoto. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 41, inakataza kumshutumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inaadhibu kosa hilo. Wasalesiani wa Don Bosco, katika nyumba ya Bakanja hapa mjini, wamewapokea watoto wa mitaani kwa miaka mingi. Sheria ipo, nyumba za kuwapokea zipo, na bado neno “mulozi” linatamkwa sebuleni kwa wepesi ule ule linavyotamkwa mbele ya televisheni.

Ndiyo maana nafurahi kwamba mtoto wa mji huu, Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amelichukua jambo hili kwa kamera. Filamu yake Augure, iliyopata Tuzo ya Sauti Mpya katika kitengo cha Un Certain Regard huko Cannes mwaka 2023, inafuata watu wanne waliopewa jina la uchawi na jamaa zao. Koffi anarudi kutoka Ubelgiji na mwenzi wake mwenye mimba; anampakata mtoto mchanga wa dada yake, pua yake inatoka damu, na ukoo mzima unamgeukia. Filamu haiulizi kama Koffi ana nguvu zozote. Inaonyesha kitu ambacho shutuma inamfanyia mtu mzima, miaka mingi baada ya utoto. Ningependa Ringu na Augure zionyeshwe pamoja, jioni moja, katika mji huu.

Najua pingamizi, na ni la haki. Mtu ataniambia: lakini mwalimu, Sadako aliua kweli! Filamu yenyewe imetuonyesha mwandishi akianguka. Nakubali. Nakata hakumfanya kuwa malaika, na hapo ndipo filamu yake inapokuwa nzito, kwa kuwa ni rahisi kumhurumia aliyesingiziwa. Tunafanya nini kwa mtoto ambaye kweli anatutisha? Ikuma alikuwa na jibu lake. Kwenye ukuta wa kisima zimebaki alama za kucha za mtoto aliyejaribu kupanda. Anayesema “alistahili” na azitazame alama hizo kwanza.

Kuna pia wanaokasirishwa na mwisho, na hasira yao naielewa kuliko zote. Mifupa imepatikana. Mtu ameikumbatia, ameililia. Kwetu, maiti akipatikana, kilio kikawekwa, jamaa wakakaa pamoja na kusemezana, jambo linaanza kutulia. Kwa nini Sadako hatulii? Wapo wanaosema mwandishi wa filamu aliishiwa mawazo, akaongeza hofu ili auze. Mimi naona kwamba kilio cha Reiko hakikuwa kilio. Alikuwa na saa mkononi. Aliitafuta mifupa ili apone yeye, na mwanawe apone. Hakuna aliyemwita mtu wa ukoo wa Yamamura kusema nani alifanya nini. Kuna ndugu wa Shizuko huko Oshima aliyemtangaza kwa watu ili apate fedha; naye hakuketishwa mbele ya wazee. Ikuma hakuulizwa. Marehemu amepewa machozi, lakini kesi yake haijasikilizwa.

Watazamaji wana nguvu kuliko wanavyodhani. Siku ile ile ya Januari 1998 Ringu ilionyeshwa sambamba na mwendelezo wake, Rasen, ya Joji Iida, iliyotaka kueleza laana kwa njia ya kisayansi, kama ugonjwa. Watu waliipenda ya kwanza wakaipa kisogo ya pili. Watengenezaji wakaiweka Rasen kando, na mwaka 1999 Nakata akatoa Ringu 2 kana kwamba Rasen haikuwahi kuwapo. Watazamaji walikataa Sadako ageuzwe kuwa kijidudu cha maabara. Huko Dar es Salaam, watafsiri wa filamu kama Lufufu walijua nguvu hii: walisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakaongeza maoni yao, na watu wakazitafuta kwa ajili ya sauti hiyo.

Limebaki la Reiko. Anagundua kwamba alipona kwa sababu aliinakili kaseti na kumwonyesha mwingine. Ili Yoichi apone, lazima Yoichi naye amwonyeshe mtu. Reiko anaingia garini na mashine ya video, anampigia simu baba yake mzazi. Katika riwaya, mwenye kubeba uamuzi huu alikuwa mwanamume. Mwandishi wa filamu, Hiroshi Takahashi, na Nakata wakauweka mikononi mwa mama. Nimesikia akina mama wakimtetea kwa sauti moja: mtoto ndiye anayebaki, mzee ameshaishi. Nimesikia wazee wakisema kwamba mzee mwenyewe angekubali kama angeulizwa. Hoja yao ni nzuri, na ningeikubali, isipokuwa kwamba katika simu ile Reiko hamwambii baba yake kitakachofuata. Anaomba msaada tu. Ikuma naye hakumwuliza Sadako. Mzigo unahamishwa kwa mtu asiyeambiwa ni mzigo gani, kutoka nyumba hadi nyumba, na kaseti inaendelea kwa sababu kila mmoja ana mtoto wake wa kumwokoa.

Kwa wanafunzi watakaotaka kuendeleza utafiti huu, anzeni na swali la yule wa pili: balimutupa mu kisima juu ya nini? Liulizeni kwa wazazi na kwa wachungaji. Na kama watoto wa Bakanja watakubali kuzungumza, wasikilizeni wao kabla ya wote.