Habari za Mkeka wa Ukindu

Leo twapenda kusema nanyi habari za kitu ambacho karibu kila mmoja wenu amekilalia au kukikalia, nao waliopata kuuliza kilikotoka ni wachache: mkeka. Twaanza na mti wake kabla ya fundi, kwa kuwa shida tutakayoitaja yaanzia mtini.

Mkeka mzuri wa pwani yetu hutengenezwa kwa ukindu, yaani majani ya mkindu. Mkindu ni jamaa ya mtende; humea kichaka kwa kichaka mabondeni na kandokando ya mito, mahali penye maji. Mlala ni jamaa yake, lakini majani yake ni magumu zaidi, hufaa kwa makanda, majamvi na kamba.

Mkataji wa ukindu halitaki jani lililokwisha kufunguka. Hutafuta kuti changa la katikati, lililosimama kama mkuki, ambalo vijani vyake vingali vimeshikamana. Hapo ndipo penye hatari, maana kila shina la mkindu lina kilele kimoja tu cha kuotea. Mtu akikata kwa pupa, akaingiza kisu mpaka moyoni, shina lile limekufa. Tena akichukua makuti machanga yote kwa mfululizo, mti hudhoofika hata usipokufa. Mkataji mwenye akili huchukua moja, akaenda shina jingine, la kwanza akaliacha lipumzike.

Majani huanikwa juani mpaka ukijani utoke, kisha huchanwa kuwa chane nyembamba zilizo sawasawa. Chane husukwa kuwa ukili, utepe mrefu sana, nao ukili hushonwa ukingo kwa ukingo hata upana wa mkeka utimie. Katika nyua za Mbagala au Tandale mwanamke huifanya kazi hii katikati ya kazi nyingine, chungu kikiwa mekoni na mtoto yu pembeni. Asiyejua hudhani vidole vyafanya mchezo. Kumbe kichwa kinahesabu: chane ngapi nyeupe, ngapi nyekundu, ipi ipite juu na ipi chini, akikosea moja, ua zima hupinda. Sisi tufundishao walimu twatamani wanafunzi wetu wote wangejua hesabu kwa uhakika namna hiyo.

Sasa rangi. Mizizi ya mdaa hupondwa ikachemshwa pamoja na chane, nazo hutoka za hudhurungi iliyoiva au nyeusi. Mbegu za mzingefuri hutoa rangi ya machungwa, na manjano hutoa rangi ya jina lake. Ninyi wanafunzi, jaribuni jambo hili nyumbani: chovyeni kitambaa cheupe katika maji ya manjano, kikauke, kisha kipakeni sabuni ya kufulia. Mtaona kinageuka chekundu. Maji ya majivu hufanya vivyo hivyo. Tena kiacheni juani siku kadhaa, mtaona kinavyopauka. Mafundi wa kale waliyajua haya bila kitabu. Magome yenye uchachu yakichemshwa, maji yake yakakutana na matope yenye chuma, au hata misumari yenye kutu, huwa meusi. Na weusi huo haupauki upesi kama manjano.

Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza, William Perkin, mwenye umri wa miaka 18, alikuwa akitafuta namna ya kutengeneza kwinini, akapata rangi ya zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe. Toka siku hizo viwanda vimetengeneza rangi za kila namna, nazo zimefika mpaka dukani petu katika vifuko vidogo. Msukaji alizipokea, nasi hatumlaumu. Kijiko kimoja chamtosha, wala hachimbi mizizi porini. Vivyo hivyo watengenezaji wa batiki katika mitaa ya Kinondoni na Temeke hutumia nta, rangi za unga na magadi makali yaitwayo kostiki. Twalaumu jambo moja tu, nalo si dogo: kuyashika magadi hayo kwa mikono mitupu, na kumwaga maji ya rangi mtaroni yashuke mpaka mto Msimbazi au Mzinga, ambako watu hulima mboga.

Je, mbona mkeka umeishi na nguo tuliyoifuma wenyewe haikuishi? Mababu wa pwani walisokota pamba. Katika magofu ya Kilwa vimeokotwa vigurudumu vya udongo vya kusokotea uzi. Unyamwezi nako, katika karne ya 19, wasafiri waliona vitanda vya mfumi vikifanya kazi. Lakini tangu miaka ya 1830 merikebu za Marekani zilileta Unguja ile shuka tuiitayo merikani, na kaniki ikaja kutoka Bara Hindi, zote kwa bei nafuu. Mfumi akaiweka kazi yake chini. Hakuna merikebu iliyoleta mkeka wa kuushinda ukindu, basi msukaji akaendelea, hata ukaja mkeka wa plastiki.

Watu husema plastiki ndiyo adui. Sisi twaona adui mwingine aliye karibu zaidi. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu karibu milioni 2 na nusu mwaka 2002. Mwaka 2022 walizidi milioni 5. Watu hawa wamejenga mpaka mabondeni, na bonde lenye maji ndipo mahali pa mkindu. Msukaji wa mjini hununua ukindu uliosafiri kutoka mbali, kama vile Rufiji, ambako mikeka ya rangi yajulikana tangu zamani. Mnunuzi ashangaaye bei ya mkeka na ahesabu nauli hiyo kwanza, kisha siku za kusuka.

Tena wako wasemao, turudie rangi za mimea zote, mambo yatakuwa mema. Pole pole! Mdaa ukichimbwa mizizi yote hufa kama mti mwingine wowote. Magome ya mkoko na mkandaa hutoa rangi nzuri, lakini miti hiyo ni hifadhi, na kuikata bila kibali ni kosa. Watazameni Waganda na mti wao mutuba: huubandua gome wakalipiga liwe nguo, kisha hulifunika shina kwa majani ya mgomba mpaka gome jingine liote. Mti mmoja hubanduliwa mara nyingi maishani mwake. Kazi hiyo UNESCO iliitangaza mwaka 2005 kuwa urithi wa walimwengu.

Kwa mkindu kazi ni nyepesi kuliko hiyo. Huota kwa kokwa, na machipukizi ya kando yaweza kutengwa na kupandwa. Shule yenye kona yenye unyevu, mahali yanapotiririka maji ya bomba, yaweza kupanda vichaka vitatu au vinne masika yakianza, na mzingefuri penye jua. Miaka ya kwanza msikate kitu. Mwiteni mama mmoja msukaji wa mtaani aje kuwaonyesha watoto lipi ni kuti la kukata na lipi la kuacha, nanyi mmlipe kwa siku yake.