Barua ya Chama Haiongezi Alama

(Haya ni maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa vijana na wazazi wa tawi letu.)



Tumeombwa tuseme habari za vijana wenye digrii za sayansi wanaotaka kuendelea na digrii ya pili. Tutaanza kwa kuungama kosa, maana Chama kinachoficha makosa yake hakiwezi kuwaongoza watu.

Mwaka jana kijana wetu mmoja, mwalimu wa kemia katika shule ya sekondari, alitaka kusoma digrii ya pili ya kemia. Sisi viongozi wa tawi tulifurahi sana. Tulipitisha bakuli humu humu ukumbini. Akina mama wa sokoni walitoa, wavuvi walitoa, na fedha za maombi na za nauli zikapatikana. Juu ya hayo tukamwandikia barua yenye mhuri, tukieleza kuwa ni mwana mwaminifu wa nchi. Jibu lilirudi kwa maneno machache: wastani wake wa digrii ni 2.5, na unaotakiwa ni 2.7. Barua yetu haikutajwa hata kidogo. Fedha za maombi hazikurudi. Yeye alinyamaza, na sisi tuliomtia moyo hatukuwa na la kumwambia, kwa sababu katika sisi sote hakuna hata mmoja aliyekuwa amesoma masharti.

Baada ya hapo wako wenzetu waliosema: "Masharti haya ni mabaki ya ukoloni, yafutwe." Tumelifikiri neno hilo, na leo tunalijibu.

Ndugu zetu, wakati wa ukoloni palikuwa na ukuta. Makerere ilianzishwa mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Ilipofika mwaka 1949 ndipo ilipofungamana na Chuo Kikuu cha London, ili wanafunzi wake wapate digrii za London. Tanganyika ilipata chuo chake Oktoba 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, nacho kilianza na masomo ya sheria tu. Masomo ya sayansi yalianza hapo Dar es Salaam mwaka 1965. Kabla ya mwaka huo, mtoto wa Tanganyika aliyetaka digrii ya sayansi alilazimika kuvuka mpaka, na waliovuka walikuwa wachache mno. Huo ndio ukuta. Hata ungekuwa na akili kiasi gani, ukuta haukuulizi.

Leo tuna mlango. Digrii za juu za sayansi zinasomwa Dar es Salaam, na Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 2011. Lakini kila mlango una kizingiti, na kizingiti si ukuta. Anayejua urefu wake huinua mguu akapita. Asiyeujua hujikwaa, kisha akaulaumu mlango.

Na kizingiti hicho kina sababu. Katika nchi yetu wako watu, hasa upande wa Arusha na Bonde la Ufa, wanaokunywa maji yenye floridi nyingi. Meno ya watoto wao huwa ya rangi ya udongo, na wengine mifupa yao hupinda. Mtu wa kuyapima maji hayo, na kumwambia mama kuwa maji haya ni salama na yale si salama, ni mwanakemia. Je, tunataka mtu huyo awe amepita kwa barua yetu au kwa alama zake? Akina mama wanaoteka maji wanalijua jibu.

Basi na tuyajue masharti yenyewe.

La kwanza ni wastani wa alama, ambao vyuo huuita GPA. Katika vyuo vikuu vyetu alama A huhesabiwa 5, B+ ni 4, B ni 3 na C ni 2. Kila alama huzidishwa kwa uzito wa somo lake, jumla ikagawanywa. Digrii yenye wastani wa 4.4 na zaidi ni daraja la kwanza. Kuanzia 3.5 ni daraja la pili la juu, kuanzia 2.7 ni daraja la pili la chini, na chini ya hapo, mpaka 2.0, ni kufaulu tu. Desturi ya vyuo vyetu ni kutaka 2.7 kwa digrii ya pili. Sasa tazameni hesabu hii. Mwanafunzi mwenye masomo manne ya uzito sawa akipata B mbili na C mbili, wastani wake ni 2.5, naye anabaki nje. Akipata B tatu na C moja, wastani ni 2.75, naye anaingia. Tofauti ni somo moja katika manne. Anayengoja mwaka wa mwisho ndipo afanye hesabu hii amechelewa.

Ng'ambo kizingiti huwa juu zaidi. Kwa Uingereza vyuo vingi hutaka daraja la pili la juu, pamoja na mtihani wa Kiingereza. Kwa jirani zetu wa Kenya, mara nyingi mwenye daraja la pili la chini hutakiwa awe na miaka ya kazi juu yake.

La pili ni somo lenyewe. Wenzetu walimu tusikilizane hapa. Aliyesoma digrii ya sayansi pamoja na ualimu aliyagawa masomo yake sehemu tatu: somo la kwanza, somo la pili, na elimu ya ufundishaji. Akiomba kemia, chuo kitahesabu masomo ya kemia aliyosoma, si miaka aliyokaa chuoni. Na ayahesabu yeye kwanza.

La tatu ni karatasi. Panatakiwa cheti cha digrii, transkripti inayoonyesha alama za kila somo, na barua za waliokufundisha. Watakiwao ni waliokufundisha, si wajumbe wa tawi. Aliyepata digrii yake nchi nyingine sharti itambuliwe kwanza na Tume ya Vyuo Vikuu.

Na aliyepungukiwa afanyeje? Yako masharti ya vyuo yanayomtazama mwenye wastani mdogo ikiwa amefanya kazi katika fani yake, au amesoma stashahada ya uzamili akafaulu vizuri. Njia hiyo ni ndefu, lakini si aibu. Thomas Odhiambo wa Kenya alisoma Makerere, akafanya kazi ya kuchunguza wadudu waharibifu Uganda, kisha akaenda Cambridge akapata udaktari mwaka 1965. Mwaka 1970 alianzisha Nairobi kituo cha kuchunguza wadudu kinachojulikana kama ICIPE. Miaka yake ya kazi ilikuwa sehemu ya masomo yake.

Kijana wetu yumo humu ukumbini, naye ametupa ruhusa tuseme habari zake. Ameamua kusoma stashahada kwanza, huku akiendelea kufundisha. Hakutuomba barua. Alituomba tumsaidie ada, na kabla hatujajibu alitupa karatasi ya masharti tuisome, mstari kwa mstari. Tuliisoma.

Kwa hiyo tunaleta mbele yenu maazimio matatu. Kwanza, tawi lisipitishe bakuli kwa ajili ya masomo ya mtu yeyote kabla masharti hayajasomwa mkutanoni kwa sauti. Pili, kila kijana wetu anayeingia chuo kikuu afundishwe hesabu ya wastani tangu wiki ya kwanza. Tatu, fedha za nauli zilizobaki mwaka jana ziende kwenye ada ya stashahada ya mwalimu huyu.

Wazee walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi viongozi ndio tuliotangulia kukataa kuinama, tukadhani mhuri unatosha. Akina mama waliotoa senti zao wana haki ya kutuuliza zilikwenda wapi, na jibu letu ni hili tulilolisema leo.

Uhuru na Kazi!