Gari la Familia kwa Pesa Kidogo: Kagua Matatu Kabla ya Kulipa

Maelezo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti katika kikao na wakazi wa Kawangware, Kangemi na Riruta



Nianze kwa kuweka jambo moja wazi. Serikali ya kaunti haiuzi magari, wala haiyasajili. Usajili ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA. Sisi tunakutana na ninyi baadaye, mnapotafuta nafasi ya kuegesha mjini. Lakini gari ni mojawapo ya vitu ghali zaidi ambavyo familia nyingi za mtaani hununua, na mara nyingi pesa zake hutoka kwenye chama au mkopo wa Sacco. Gari hilo likichukuliwa, mkopo unabaki. Ndiyo maana tunalizungumzia leo.

Nataka mwondoke hapa na jambo moja: gari, karatasi na mtu lazima vikubaliane kabla ya shilingi kutoka mfukoni. Kimoja kikikataa, rudi nyumbani.

Tuanze na pesa. Tuseme una shilingi 700,000. Usitafute gari la 700,000. Tafuta la 580,000 au hapo karibu, na kile kinachobaki kiwe cha bima, ada ya kuhamisha umiliki, oili mpya, na pengine tairi na betri. Gari lililotumika huja na madai yake katika miezi mitatu ya kwanza. Asiye na akiba huliegesha nje ya nyumba na kurudi kupanda matatu, huku mkopo ukiendelea kukatwa.

Kisha piga hesabu ya kila mwezi. Kutoka Kawangware hadi katikati ya jiji na kurudi ni kama kilomita 20. Kwa siku 22 za kazi, hizo ni kilomita 440. Gari dogo linaloenda kilomita 11 kwa lita kwenye msongamano litakunywa lita 40. Ukichukulia lita ni shilingi 180, hiyo ni 7,200. Ukilipa shilingi 300 za maegesho kila siku, ongeza 6,600. Jumla ni 13,800, kabla ya oili na kabla ya pancha. Angalieni maegesho yalivyoikaribia petroli. Wako watakaoona kuwa ni heri gari litumike kwa shule, soko, hospitali na safari za ushago, na kazini waende kwa matatu. Huo si umaskini, ni hesabu.

Je, ununue gari gani? Swali hili lina jibu la fundi kuliko la tangazo. Chagua gari ambalo fundi wa mtaani kwako analijua na spea zake zinapatikana Barabara ya Kirinyaga, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ndiyo sababu Fielder, Axio, Probox na Vitz zimejaa barabarani. Magari kama Nissan Note na Honda Fit nayo yanafaa, lakini mengi yana giaboksi aina ya CVT. Hiyo inataka oili yake maalumu. Ikiwa mwenye gari wa kwanza alitia oili yoyote tu, wewe ndiwe utakayelipia giaboksi nyingine.

Kuna mazoea ya kupima umri wa gari kwa herufi za nambari. Tahadhari. Herufi hizo zinaonyesha gari lilisajiliwa lini hapa Kenya, si lilitengenezwa lini. Sheria ya ubora ya KEBS inaruhusu kuingiza gari lililotumika ikiwa halijapita miaka 8 tangu liliposajiliwa mara ya kwanza huko lilikotoka. Nambari za KDA zilianza mwaka 2020. Kwa hiyo gari la KDA linaweza kuwa la 2013. Usilipie herufi, lipia gari.

Sasa tuingie kwenye ukaguzi. La kwanza ni gari lenyewe. Nenda asubuhi, mchana kweupe, na mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti. Ikiwa ina joto, huenda kuna ugumu wa kuwaka anaokuficha. Likishawaka, tazama moshi. Moshi wa samawati maana yake injini inakula oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikipata joto maana yake huenda maji yanaingia kwenye injini. Yote mawili ni gharama kubwa.

Tangu mafuriko ya Aprili na Mei 2024, kuna jambo la kukagua ambalo zamani hatukulijali sana. Magari mengi yalizama katika kaunti yetu na kaunti jirani, na gari lililozama huoshwa, likapuliziwa manukato na kurudi sokoni. Inua kapeti. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho uone kama una matope. Pitisha mkono chini ya viti ukitafuta kutu. Maji yakishaingia kwenye nyaya, gari hilo litakusumbua miaka yote utakayokuwa nalo.

Kumbuka pia kwamba hili ni gari la watoto. Funga mikanda yote, hata ile ya nyuma ya katikati. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi: 2319 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Liendeshe gari kwenye mteremko wa Kangemi na kwenye matuta ya mtaani, redio ikiwa imezimwa, usikilize breki na magurudumu. Na uende na fundi wako mwenyewe, si yule anayeletwa na broka. Fundi mwenye mashine ya kusoma makosa ya injini anastahili malipo yake, hata akikwambia usinunue. Hasa akikwambia usinunue.

La pili ni karatasi. Usitosheke na logibuku unayoonyeshwa. Ingia eCitizen, sehemu ya NTSA, uombe rekodi ya gari kwa nambari yake. Kuna ada ya kulipa. Utaona jina la mwenye gari, nambari ya chesisi, nambari ya injini na mwaka wa kutengenezwa. Chukua rekodi hiyo uende nayo kwenye gari, usome tarakimu moja moja kwenye chuma. Ukiona chesisi imekwaruzwa au kuchomelewa upya, usibishane na mtu. Ondoka uwaarifu polisi.

Ukiona jina la benki au kampuni ya mikopo kando ya jina la mwenye gari, jua kuna deni. Tangu sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana za mali inayohamishika, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake juu ya gari, na sajili hiyo inaweza kutafutwa na mtu yeyote. Itafute. Gari lenye deni lililosajiliwa linaweza kuchukuliwa na madalali hata kama wewe ulilinunua kwa nia njema. Wakija usiku na kulivuta, risiti yako haitawazuia. Ikiwa bado unalitaka, deni lilipwe moja kwa moja kwa mkopeshaji, na barua ya kuliachilia ipatikane kwanza.

La tatu ni mtu. Anayeuza awe ndiye aliye kwenye rekodi, na kitambulisho chake kilingane. Ukiambiwa mwenyewe yuko ng'ambo, au ni la shemeji, au ni la marehemu, subiri hati za kisheria. Na ukiona gari zuri kwenye simu kwa bei ya ajabu, kisha ukaambiwa utume elfu ishirini za kulishikilia, usitume. Gari halishikiliwi kwa M-Pesa na mtu usiyemwona.

Yote matatu yakikubaliana, andikeni mkataba wenye mashahidi na mlipe kupitia benki. Kisha hamisheni umiliki kwenye eCitizen: muuzaji anaanzisha, mnunuzi anakubali. Sheria ya Trafiki inatoa siku 14. Hapa nazungumza pia na wanaouza. Sheria humchukulia aliyesajiliwa kuwa ndiye mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Ukimwachia mtu gari lingali kwa jina lako, akagonga mtu Barabara ya Naivasha na kutoroka, wewe ndiwe utakayetafutwa kwanza. Mnunuzi naye aulize kama kuna faini au ada ya maegesho ambayo haijalipwa, na asitie gari barabarani bila bima kwa jina lake.

Najua bei nzuri humfanya mtu aone akichelewa kidogo, mwingine atachukua. Achukue. Magari Barabara ya Ngong hayataisha wiki hii. Akiba ya familia yako ikiisha, itachukua miaka kurudi.

 Sasa niko tayari kwa maswali yenu.