Naibu Waziri akija Ifakara, tumuulize nini?

(Mada niliyoitoa kwenye kikao cha vijana, Ifakara)

 

Nasoma sheria, lakini leo siji kuwapa lekcha. Nina swali moja: Naibu Waziri ana mamlaka gani? Maana msafara ukitokea Kidatu tunajipanga, tunapiga makofi, tunapewa ahadi. Vumbi likitulia, kila mtu anarudi shambani kwake.

Tuanze na Katiba ya 1977. Ibara ya 54 inataja wajumbe wa Baraza la Mawaziri: Makamu wa Rais, Waziri Mkuu, Rais wa Zanzibar na Mawaziri wote. Naibu hayumo. Ibara ya 55 inamruhusu Rais kuteua Manaibu idadi yoyote, kutoka miongoni mwa wabunge, wawasaidie Mawaziri. Na hela za wizara? Afisa Masuuli ni Katibu Mkuu, siyo Naibu. Kwa hiyo yule anayetuahidi barabara jukwaani hana kiti panapoamuliwa, wala hasaini hundi.

Lawama je? Hizo anazo. Mnamkumbuka Dk. Haji Mponda, aliyekuwa Mbunge wa Ulanga Magharibi, hapo ng'ambo ya mto? Alikuwa Waziri wa Afya, Naibu wake Dk. Lucy Nkya. Ukaja mgomo wa madaktari wa 2012, madaktari wakataka wote wawili waondoke. Mei mwaka ule Rais Kikwete akapangua Baraza, na wote wawili wakaachwa. Naibu alianguka pamoja na bosi wake, kwa maamuzi ya Baraza ambalo yeye hakuwa mjumbe wake.

Lakini linaloniuma zaidi ni hili. Mbunge akiteuliwa Naibu, jimboni watu wanachinja mbuzi: "Tumepata Naibu Waziri!" Jamani, tumepata au tumepoteza? Ibara ya 63 inalipa Bunge kazi ya kuisimamia Serikali. Jana mbunge wako alisimama kuuliza maswali yako, leo anasimama kujibu kwa niaba ya Serikali. Umemweka mtu akuamie mpunga, katikati ya msimu amehamia kundi la ndege.

Wakenya walilimaliza kwenye Katiba yao ya 2010: ukiwa mbunge huwezi kuwa waziri. Rasimu ya Tume ya Jaji Warioba ilitaka na sisi tutenganishe uwaziri na ubunge. Mpaka leo hatujafika huko.

Sasa tufanyeje? Akija, tusimzomee. Tumuulize kwa adabu mambo matatu. Moja: hiyo hela ipo kwenye bajeti ya mwaka gani wa fedha, na fungu lipi? Mbili: nani anaidhinisha malipo? Tatu: ahadi hii ulishaitoa bungeni, lini? Hansadi zipo kwenye tovuti ya Bunge, ni kupakua tu kwenye simu. Tuchape ukurasa wenye jibu lake, twende nao mkutanoni.

Kisha tuandike jibu lake na tarehe, kwenye daftari la tawi. Mwakani akija mwingine, maana hawa hubadilishwa kila mara, daftari litakuwa bado lipo.

Katiba Mpya, sasa!