KUMNUSURU NDUGU YAKO AKIWA HAYUPO

(Yafuatayo ni maneno ya mhadhara uliotolewa na mmoja wa walimu wa madrasa baada ya sala ya Isha, mbele ya waumini wa msikiti mmoja mjini Tanga.)

Sifa zote njema anazistahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, aliyetuumba kwa rangi na lugha mbalimbali na akazifanya kuwa miongoni mwa dalili za uwezo wake. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani,

Mwezi wa Shaaban uliopita tulifanya katika msikiti huu kikao tusichokizoea. Tulikaa duara, wazee kwa vijana, akina mama upande wao, tukiwa na msimamizi tuliyemchagua. Swali lilikuwa moja: je, yupo miongoni mwetu aliyedharauliwa kwa rangi yake, kabila lake au asili ya wazee wake, na dharau hiyo ikatoka kwetu sisi tunaoswali naye safu moja? Msimamizi aliweka masharti matatu. Anayesema asikatizwe. Anayesikiliza asijitetee. Na yanayosemwa ni amana, hayatoki ila kwa idhini ya mwenyewe. Haya nitakayoyasimulia nimeyapatia idhini.

Alisimama kijana mmoja niliyemsomesha alipokuwa mdogo. Wazazi wake walihamia hapa kutoka bara. Alisema kuwa watoto wenzake walimpachika jina la kuidhihaki rangi yake, na wakilitamka darasani mbele ya mwalimu. Mwalimu alilisikia, akasema, "Haya, tusome, tusome." Kijana akaacha kuja kwa wiki tatu, nyumbani akisingizia maumivu ya kichwa. Aliporudi, mwalimu yule alimwadhibu kwa utoro.

Ndugu zangu, mwalimu yule ni mimi.

Nakiri mbele yenu kwamba jambo la kwanza lililonijia ulimini lilikuwa kujitetea. Nilitaka kusema kuwa ule ulikuwa utani wa watoto, na kwamba mimi sikumwita jina lile hata siku moja. Msimamizi aliinua mkono, akanikumbusha sharti. Nikanyamaza. Katika kunyamaza huko ndipo nilipofahamu kwamba kijana hakulalamikia watoto. Alilalamikia kimya changu.

Tuzingatie kisa cha Abu Dharr (R.A.), kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Sahaba huyu mtukufu, miongoni mwa waliotangulia katika Uislamu, alizozana na mtu akamtusi kwa mama yake, ambaye hakuwa Mwarabu. Riwaya hizo hazikumtaja mtu huyo kwa jina, ingawa wengi katika wanavyuoni wamesema ni Bilal (R.A.). Mtume (S.A.W.) alimwambia Abu Dharr kuwa ndani yake mngali na ujahiliya. Katika mojawapo ya riwaya za Muslim, Abu Dharr alijaribu kutoa udhuru, kwamba mwenye kuwatukana watu naye hutukaniwa wazazi wake. Mtume (S.A.W.) hakuupokea udhuru huo. Alimrudishia neno lile lile.

Baadaye Maarur bin Suwaid alimkuta Abu Dharr huko Rabadha, yeye na mtumishi wake wamevaa nguo za namna moja. Alipoulizwa sababu, Abu Dharr alisimulia kosa lake mwenyewe. Hakulificha, wala hakutosheka na kulijutia moyoni. Alilibadilisha likawa jambo linaloonekana mwilini mwake kila siku.

Wapo watakaosema: haya ya nini, na Uislamu umeshaufuta ubaguzi? Nao hupenda kumtaja Malcolm X, aliyehiji mwaka 1964 akawaandikia wenzake barua ya kusifu udugu alioushuhudia Makka kati ya weusi na weupe. Ni kweli. Lakini barua ile inaeleza udugu wa Hija. Haitupi sisi cheti cha kusalimika. Huko huko Marekani, Waislamu walianzisha mwaka 2014 taasisi iitwayo MuslimARC, ambayo huendesha mafunzo na mazungumzo juu ya ubaguzi, ukiwemo ule ulio baina ya Waislamu wenyewe. Wangekuwa wamesalimika, wasingeihitaji.

Nasi tujitazame. Zanzibar hadhi ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1897. Hapa Tanganyika haikufutwa mpaka mwaka 1922. Wazee wetu waliowaona babu na bibi waliozaliwa katika zama zile bado tunaswali nao. Sheria iliondoka, ila mizani ya muungwana na mtwana ilibaki vifuani. Huisikii msikitini. Utaisikia sebuleni siku ya posa, mtu anaposema kwa sauti ya chini, "Kijana ana dini, lakini asili yake je?" Ilhali Mtume (S.A.W.) alimshauri Fatima bint Qays, mwanamke wa Kikureshi, aolewe na Usama bin Zayd, mtoto wa mtumwa aliyeachwa huru. Naye, baada ya kusita, akakubali na akaona kheri katika ndoa ile.

Basi ni ipi kazi ya yule asiyedharauliwa? Mtume (S.A.W.) ametuamrisha kumnusuru ndugu yetu, akiwa amedhulumiwa au akiwa ni mwenye kudhulumu. Sahaba walipouliza vipi atanusuriwa dhalimu, akawabainishia kuwa ni kwa kumzuia na dhulma yake. Hapo ndipo ilipo nusra yetu. Kumsikitikia aliyeumizwa akiwa mbele yako ni jambo jepesi. Zito ni kumzuia ami yako, shemeji yako au rafiki yako wa barazani, pale aliyedharauliwa hayupo na wala hatajua kamwe kuwa ulimtetea.

Kwa hiyo nawausia mambo mawili. Tuviendeleze vikao hivi, wala tusimgeuze aliyeumizwa kuwa shahidi wa kuhojiwa kama mahakamani. Na kila mmoja wetu atoke na tendo moja, kwani kikao kisichozaa tendo kinamwongezea mwenzetu jeraha.

Langu ni hili. Nimemwomba kijana yule radhi mbele ya darasa ninalolisomesha, na tangu siku ile jina la dhihaka likitamkwa, somo linasimama. Watoto hawalimalizi somo la siku hiyo. Wanajifunza lililo kubwa zaidi.

Tunamwomba Allah azitakase nyoyo zetu na mabaki ya ujahiliya, na asijaalie ndimi zetu zikanyamaza panapotakiwa kusemwa haki. Amin.

Wabillahi tawfiq.