Maganda ya Ndizi Bustanini

Msikilizaji, tuanze na hili: taka za jikoni ni chakula cha mimea. Nchini Kenya, vilabu vya kilimo vya shule viitwavyo 4-K, vilivyofufuliwa mwaka 2021, vinawarudisha watoto wa shule bustanini.

Huko bustanini, mtoto akirundika maganda ya ndizi, majani makavu na samadi, kisha akanyunyizia maji, vijidudu huanza kazi. Rundo hufukuta, joto laweza kufika nyuzi 60 za Selsiasi. Baada ya miezi michache hutoka mboji nyeusi inayolisha mizizi na kushika maji. Sukuma wiki hunawiri!

Kwa upande mwingine, wapo walimu wanaohofia panya, harufu na kupotea kwa muda wa kujiandaa kwa mitihani. Hofu hiyo ina msingi, ingawa kufunika rundo na kutotia nyama husaidia sana.

Je, maganda ya shule ya mwanao yanaishia wapi?